Lori kuukuu likitikisika: tutafute chanzo kabla ya kununua kipuri



Katika somo hili tutazungumza juu ya jambo ambalo madereva, mafundi na viongozi wa vyama wanalijua vizuri: lori la zamani linalotikisika likiwa njiani, linapelekwa garaji, linalipiwa, na kesho yake linatikisika tena. Wengi wamezoea. Wanasema, «Ni lori la zamani, ndiyo desturi yake.» Sisi tunasema hapana. Lori kuukuu linaweza kutembea vizuri. Likitikisika, kuna kitu kinachozunguka vibaya au kitu kilicholegea, na kitu hicho kinaweza kupatikana kwa kufuata utaratibu. Somo hili si la mafundi tu. Kiongozi wa chama anayetoa pesa ya vipuri, na msaidizi anayelala chini ya lori, wote linawahusu.

1. Kwa nini mtikisiko si jambo dogo

Kwetu lori halibebi mzigo peke yake. Juu ya magunia ya maharagwe na makaa wanakaa akina mama wanaokwenda sokoni, wanafunzi, wagonjwa, na watoto mgongoni. Njia zetu zina miteremko mirefu na kona zenye bonde upande mmoja. Gurudumu likichomoka mahali pale, hakuna nafasi ya kujaribu tena.

Mtikisiko ni taarifa inayokuja mapema. Nati za gurudumu hazianguki zote siku moja: kwanza zinalegea, rimu inaanza kucheza, matundu yake yanapanuka, boliti moja inakatika, halafu ya pili. Vile vile mpira haupasuki bila dalili kila mara: mara nyingi matabaka yake yanaachana ndani, unaota kigongo, na lori linaanza kupiga. Kati ya dalili na ajali kunaweza kuwa na siku nyingi au saa chache.

Kuna pia hasara ya kila siku. Lori linalotikisika linakula mipira, linachosha beringi, linavunja springi na kulegeza boliti nyingine. Chama kinalipa mara tatu kwa kosa moja.

2. Maswali ya kumwuliza dereva

Kabla ya kushika spana, tukae na dereva tumwulize. Yeye ndiye aliye na lori kila siku. Tusimwulize kama mtu anayeshtakiwa, kwa maana dereva anayeogopa kulaumiwa ataficha habari ambayo fundi anaihitaji. Maswali ni haya:

Kwanza, mtikisiko unaanza kwa mwendo gani? Ukianza kwenye kilometa 50 au 60 kwa saa na kupungua ukipita hapo, mara nyingi ni uzito usiolingana wa gurudumu. Ukisikika hata katika mwendo wa mtu anayetembea, na lori likayumba kama mlevi, tufikiri juu ya rimu iliyopinda, gurudumu lililofungwa upande, au mpira wenye kigongo.

Pili, unausikia wapi? Usukani ukicheza mikononi, tuanzie magurudumu ya mbele. Kama usukani umetulia lakini kiti na sakafu vinatetemeka, tuanzie nyuma.

Tatu, unakuja wakati wa kufunga breki tu? Kama ndivyo, ngoma ya breki haiko duara tena, au kitu kimelegea karibu nayo.

Nne, unabadilika lori likiwa na mzigo, au ukikanyaga mafuta kwa nguvu? Hapo tuikumbuke shafti ya kadani, ile ndefu inayopeleka nguvu nyuma.

Tano, ulianza lini, na ni kazi gani iliyofanyika siku chache kabla? Hili ndilo swali lenye faida kuliko yote. Je, mpira ulizibwa njiani? Springi ilibadilishwa? Lori lilivuka mto au kukwama kwenye matope? Lilikaa wiki nyingi mahali pamoja na mzigo juu?

Tuandike majibu katika daftari, pamoja na tarehe na kilometa.

3. Hesabu ndogo inayosaidia

Lori likienda kilometa 60 kwa saa, linapita karibu meta 17 kila sekunde. Mpira mkubwa wa lori, wa kipimo cha 10.00-20, una mzunguko wa zaidi kidogo ya meta 3. Kwa hiyo gurudumu linazunguka kama mara 5 kwa sekunde. Shafti ya kadani huzunguka haraka zaidi: kwa lori ambalo kadani yake inazunguka mara 6 ili gurudumu lizunguke mara 1, ni kama mara 30 kwa sekunde.

Maana yake ni nini? Mtikisiko wa gurudumu unapiga polepole, karibu mtu aweze kuufuata kwa kidole kwenye dashibodi. Mtikisiko wa kadani ni mvumo, kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Sikio na kiti vinaweza kutenganisha viwili hivi bila chombo chochote.

Kuna njia ya kutenganisha injini pia. Kwenye njia tambarare, iliyonyoka na isiyo na watu, lori likiwa tupu, twende katika mwendo ule ule kwa gia mbili tofauti. Mtikisiko ukibaki palepale kwenye kilometa zile zile, chanzo kiko kwenye magurudumu au kadani. Ukihama kufuatana na mlio wa injini, chanzo ni injini au klachi. Jaribio hili lisifanywe kwenye mteremko hata kidogo, na asipande mtu juu ya lori.

4. Ukaguzi lori likiwa limesimama

Tuanze na mambo yasiyogharimu pesa.

Udongo. Wakati wa mvua, matope yanaingia ndani ya rimu na kukauka upande mmoja. Kilo 1 ya udongo mkavu ndani ya rimu ya lori kubwa, kwenye mwendo wa kilometa 60, inavuta gurudumu kwa nguvu ya karibu kilo 25, juu na chini, mara 5 kila sekunde. Kwenye kilometa 80 nguvu hiyo inafika karibu kilo 45, kwa sababu mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Tuchukue kijiti na maji, tusafishe ndani ya kila rimu, halafu tujaribu lori tena. Mara nyingine kazi inaishia hapa.

Mawe. Kwenye magurudumu pacha ya nyuma, jiwe linaweza kukwama kati ya mipira miwili. Linakata mipira yote miwili, na likichomoka kwenye mwendo linaweza kumwua mtu aliye nyuma. Liondolewe kabla ya safari.

Upepo. Tupime kwa kipimo, asubuhi, mipira ikiwa baridi. Kupiga mpira kwa nyundo au fimbo hakutoshi, hasa kwa pacha wa ndani, maana anaweza kuwa mtupu huku wa nje akimficha na kubeba mzigo wote. Kiwango kinachofaa huandikwa na mtengenezaji wa lori, na kiwango cha juu kabisa kimeandikwa ubavuni mwa mpira. Tusipunguze upepo wa mpira wenye joto. Utakapopoa utakuwa na upepo kidogo mno.

Pacha wasiolingana. Mipira miwili inayokaa pamoja inapaswa kuwa na urefu mmoja. Kwa mipira ya kipimo cha 8.25 na chini yake, kipenyo cha mmoja kisipite cha mwenzake kwa zaidi ya milimita 6, kwa 9.00 na kuendelea, milimita 12. Mrefu anabeba mzigo mwingi na kupata joto, mfupi anaburuzwa. Ubao ulionyoka, ukilazwa juu ya mipira yote miwili, unaonyesha tofauti hiyo mara moja.

Nati. Hapa tusiwe na haraka. Tuangalie mistari ya kutu inayotoka kwenye nati, chuma kinachong'aa pembeni ya tundu, na matundu yaliyopanuka. Dalili moja tu kati ya hizi inatosha kulisimamisha lori.

Kwa malori mengi ya Kijapani ya zamani, kama Mitsubishi Fuso na Isuzu, kuna jambo linalosahauliwa. Gurudumu la ndani nyuma lina nati zake, na la nje lina nati nyingine juu ya zile. Kukaza nati za nje hakukazi gurudumu la ndani. Kama la ndani limelegea, fundi atakaza za nje mpaka spana ipinde, na lori litaendelea kutikisika. Inabidi kulegeza nati ya nje, kukaza ya ndani, kisha kuikaza ya nje tena, moja baada ya nyingine. Tukumbuke pia kwamba upande wa kushoto wa malori hayo, nati hukazwa kwa kuzungushwa kinyume na desturi. Asiyejua hili anaweza kuilegeza nati akifikiri anaikaza, au kukata boliti.

5. Kuinua gurudumu na kulizungusha

Kama ukaguzi wa kwanza haukuonyesha kitu, tuinue gurudumu. Lori liwe tupu na mahali pa sawasawa. Tuweke vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Chini ya jeki, ile ambayo wengi wetu huita kriki, tuweke ubao mpana ili isizame. Lori likishainuka, tulikalishe juu ya stendi za chuma au magogo mazito. Mtu asiingie chini ya lori linaloshikwa na jeki peke yake. Jeki inateleza bila kuaga.

Sasa tufanye kipimo cha kienyeji. Tusimike chuma kilichonyoka au kipande cha ubao karibu na mpira, ncha yake ikikaribia kuugusa, na tulizungushe gurudumu polepole kwa mkono. Tutazame nafasi kati ya ncha na mpira. Ikiongezeka na kupungua, kuna mahali ambapo gurudumu si duara. Tuweke alama ya chaki mahali palipojitokeza sana. Tofauti ikizidi milimita 3 hivi, lori litatikisika. Kisha tuhamishe ncha ubavuni, tuone kama gurudumu linayumba kushoto na kulia.

Jambo muhimu ni kupima hatua kwa hatua kutoka nje kwenda ndani: kwanza mpira, halafu ukingo wa rimu, ambayo kwetu huitwa pia janti, mwishoni kitovu chenyewe, yaani habu.

Kama mpira hauko duara lakini rimu iko sawa, kosa ni la mpira au la namna ulivyokaa kwenye rimu. Kama rimu inayumba na kitovu kiko sawa, rimu imepinda, au imefungwa vibaya, au kuna kutu na rangi nene mahali rimu inapokutana na kitovu. Kama kitovu nacho kinayumba, kubadilisha mpira ni kutupa pesa.

Malori ya zamani ya Ulaya yana rimu za vipande vitatu zinazoshikwa kwa vibanio juu ya miguu ya kitovu. Rimu ya namna hii huyumba kwa urahisi ikiwa fundi alikaza kibanio kimoja mpaka mwisho kabla ya kugusa vingine. Tulegeze vyote, tukaze kidogo kidogo kwa kuvuka upande wa pili, na tuzungushe gurudumu tukitazama ncha yetu kabla ya kukaza kwa nguvu zote. Hata rimu za kawaida hukazwa hivyo: nati moja, kisha ile inayoielekea, wala si kwa kufuata duara.

Onyo. Rimu yenye pete ya chuma inaua. Kabla ya kuifungua, upepo wote utolewe na sindano ya valvu iondolewe. Kwa pacha, mipira yote miwili. Wakati wa kujaza, gurudumu liwe ndani ya kizimba cha chuma, na anayejaza asimame pembeni akitumia bomba refu. Pete ikiruka, inaruka kama bomu. Tumewaona vijana wakijaza huku wamekaa juu ya gurudumu. Tunawasihi wenye garaji walikomeshe jambo hilo leo.

6. Kutikisa gurudumu kwa mikono

Gurudumu la mbele likiwa bado juu, tushike sehemu ya juu na ya chini, tulisukume na kulivuta. Likicheza, kuna mambo mawili: beringi za kitovu au kingipini. Namna ya kuyatenganisha ni rahisi. Mtu mmoja akanyage breki kwa nguvu, wa pili atikise tena. Mchezo ukiisha, beringi ndizo zimelegea, kwa sababu breki imeshika ngoma. Mchezo ukibaki, kingipini na bushi zake zimekwisha.

Kisha tushike kushoto na kulia. Mchezo hapa unaonyesha vichwa vya fimbo za usukani. Mwenzetu atazame kila kiungio wakati tunatikisa. Macho yataona mahali chuma kinapocheza.

Sehemu hizi zikiwa zimechoka huleta mtikisiko wa namna yake: lori linakwenda vizuri, linapiga shimo moja, na ghafla usukani unacheza kwa nguvu bila kuacha mpaka dereva apunguze mwendo kabisa. Mtikisiko huo hauondoki kwa kubadilisha mipira. Mipira mipya itauficha siku chache, halafu utarudi.

Baada ya jaribio la njiani la kilometa 10 au 15, tusogeze mgongo wa mkono karibu na kila kitovu bila kukigusa. Kimoja kikiwa na joto kuliko wenzake, beringi yake imebana au breki yake inaburuza.

7. Kuhamisha gurudumu

Kama bado hatuna jibu, magurudumu yenyewe yatatuambia. Tuchukue gurudumu moja linaloshukiwa mbele, tuweke alama ya rangi kati ya boliti moja na rimu ili tukumbuke lilivyokaa, na tubadilishane na gurudumu la spea lililo zima, au na moja la nyuma kama vipimo ni sawa. Tujaribu lori kwenye njia ile ile na mwendo ule ule.

Mtikisiko ukihama pamoja na gurudumu, kutoka usukani kwenda kwenye kiti, tumeupata. Ukibaki palepale, gurudumu lile halina hatia, lirudishwe mahali pake. Kisha twende kwa linalofuata.

Sheria ni moja: tubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Fundi anayebadilisha mipira miwili, beringi na shokapsoba kwa siku moja anaweza kumaliza mtikisiko, lakini hatajua ni nini kilichouleta. Mwezi ujao ataanza tena bila kujua, kwa pesa za chama.

8. Kama si gurudumu

Kadani. Tuishike kwa mikono miwili, lori likiwa limezuiwa, tuizungushe huku na huku. Viungio vyake visicheze. Tuangalie kama udongo umeng'ang'ania, kama shafti imegongwa na jiwe, na kama beringi ya katikati ina mpira wake. Kama kadani iliwahi kufunguliwa, uma za ncha mbili ziwe zinaelekea upande mmoja. Watengenezaji wengi huweka mishale miwili inayopaswa kutazamana. Shafti iliyorudishwa kwa kukosea jino inavuma mpaka ivunje kiungio.

Springi na ekseli. Boliti ya katikati ya springi ikikatika, ekseli inasogea na lori linatembea upande kama kaa. Tupime kwa kamba kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma, kushoto na kulia. Vipimo viwe sawa.

Lori lililokaa. Mipira ya nailoni ikikaa wiki nyingi chini ya mzigo inapata ubapa mahali ilipogusa ardhi. Lori litapiga mwanzoni, na mara nyingi litatulia baada ya kilometa kadhaa mipira ikipata joto. Lisipotulia, mpira ukaguliwe. Lori litakalokaa muda mrefu lipunguziwe mzigo au liwekwe juu ya magogo.

9. Umri wa mpira

Mipira mingi inayouzwa kwetu imetumika kwanza nchi nyingine, halafu ikapita bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Meno yake yanaweza kuonekana mazuri. Lakini mpira unazeeka hata ukiwa dukani, na matabaka yake yanaweza kuachana.

Mipira mingi ina herufi DOT ubavuni, na mwisho wa mstari huo kuna tarakimu 4. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Kwa mfano, 3212 ni wiki ya 32 ya mwaka 2012. Tarakimu zikiwa 3 tu, mpira ulitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Kama tarakimu hazionekani upande wa nje, tutazame upande wa ndani.

Hata nchi tajiri zimejifunza jambo hili kwa uchungu. Mwezi wa Septemba 2012, katika jimbo la Surrey huko Uingereza, basi lililobeba vijana waliotoka kwenye tamasha la muziki lilipasuka mpira wa mbele na kugonga mti. Watu 3 walikufa. Mpira ule ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka 19. Tangu Februari 2021, mipira iliyozidi miaka 10 imekatazwa huko kwenye ekseli za mbele za malori na mabasi. Mpira unaokatazwa kule unaweza bado kuuzwa mahali pengine. Kwa hiyo mnunuzi asome tarehe kabla ya kuuliza bei. Na kama mpira mzuri ni mmoja au miwili tu, ikae mbele, kwa sababu mpira wa mbele ukipasuka dereva anapoteza usukani.

10. Mfano

Tuchukue mfano wa lori la Kijapani la tani 7, la chama cha wakulima. Linatikisika kuanzia kilometa 45. Kiongozi wa chama anasema dereva anapakia kupita kiasi. Dereva anasema fundi ni mwongo. Fundi anasema mipira imechoka. Chama kinakopa na kununua mipira miwili mipya ya mbele. Mtikisiko unabaki, na sasa watu watatu hawasalimiani.

Tufuate somo letu. Unasikika wapi? Kwenye kiti, si kwenye usukani. Kwa hiyo mipira ya mbele haikuwa na kosa tangu mwanzo. Ulianza lini? Baada ya mpira wa nyuma kuzibwa njiani, usiku, chini ya mvua. Ukaguzi: mstari wa kutu chini ya nati moja, nyuma kushoto. Gurudumu la nje linaondolewa. Nati tatu za gurudumu la ndani zinazunguka kwa vidole, na matundu ya rimu yamepanuka.

Kazi ni rimu moja, boliti kadhaa, na kukaza kwa utaratibu. Bei yake haifiki ya mpira mmoja mpya. Lakini tuulize tena: nani alipaswa kurudia kukaza nati baada ya kilometa 50 hivi za kwanza? Hakuna aliyepewa kazi hiyo. Kila mmoja alifikiri ni ya mwenzake. Kumlaumu mtu mmoja hakungeongeza nati hata moja; kumpa mtu kazi kwa jina lake kungezilinda zote.

11. Daftari la lori

Tunashauri kila chama chenye lori kiwe na daftari moja linalokaa ndani ya lori. Kila gurudumu likifunguliwa, iandikwe: tarehe, kilometa, gurudumu gani, aliyekaza ni nani, na atakayekaza tena baada ya kilometa 50 ni nani. Kila mtikisiko uandikwe: mwendo, mahali, breki, mzigo. Dereva awe na ruhusa, bila kukatwa mshahara, ya kusimamisha lori mtikisiko ukiongezeka ghafla. Mtikisiko unaoongezeka saa kwa saa hausubiri kufika mjini: watu washuke, magurudumu yaangaliwe palepale.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika chama chetu, lori likiharibika, swali la kwanza huwa ni «kosa ni la nani?» au «lilianza lini?»
2. Nani ana kazi ya kukaza nati tena baada ya gurudumu kufunguliwa? Jina lake limeandikwa wapi?
3. Mipira ya lori letu ilitengenezwa mwaka gani? Twende tukasome pamoja leo.
4. Je, dereva wetu anaweza kukataa kuondoka na lori linalotikisika? Tutamfanya nini akikataa?
5. Garaji tunayoitumia ina kizimba cha kujazia mipira? Kama haina, sisi wateja tunaweza kusaidia nini?

Tunawatakia safari njema. Somo hili lisomwe kwa sauti mbele ya madereva na wasaidizi wao, kwa maana wasaidizi ndio wanaoshika spana usiku, na mara nyingi hakuna aliyewafundisha.